Kijibwa cha Mtu Mmoja, Meno ya Kijiji Kizima

Kila jioni hapa Rabai, wagema wanaposhuka minazi kwa mara ya mwisho na moshi wa majiko ukianza kupenya makutini, utamsikia mtu akiita, "Simba!" Watakaokuja ni wanne. Wa kwanza ni dume la jirani, zee lililochanika sikio katika ugomvi wa zamani. Wa pili ni jike lenye mimba. Wa tatu hana mwenyewe anayejulikana, ila jina analijua kuliko wenziwe. Wa nne huja akijikwaa kwa miguu yake mwenyewe, na huyo ndiye wetu. Juzi ametimiza miezi mitatu. Bado hajaamini kwamba mkia unaomfuata kila aendako ni wake.

Kwa wiki sita alizokaa kwetu nimewatazama hawa Simba wanne kuliko ninavyotazama taarifa ya habari, na kila siku naona jambo lile lile. Hakuna hata mmoja aliye wa boma moja. Wanakula huku, wanalala kule, wanabwekea wageni wa fulani na kuzaa uvunguni mwa ghala la mwingine. Kwa hiyo nisemayo leo ni haya, na najua yatawakera baadhi ya jamaa zangu: mtu anayechukua kijibwa katika kijiji chenye nyumba zisizo na ua amekopa kwa majirani zake bila kuwauliza. Mkopo huo hulipwa kwa sindano na kwa malezi. Asiye na nia ya kulipa, na asichukue.

Mgeni wa pakacha

Shuleni tulifundishwa kwamba mtoto wa mbwa huitwa kilebu. Tuliliandika neno hilo kwenye mtihani, tukapewa alama, na tangu siku hiyo sijamsikia mtu akilitumia uani. Sisi twasema kijibwa, na watoto wa siku hizi wanasema papi. Na hii ndiyo Rabai ile ile ambako wamisionari Krapf na Rebmann walipiga kambi mwaka 1846 na kuanza kuokota maneno ya watu wa pwani kama mtu aokotavyo korosho. Kamusi ya Krapf ya Kiswahili ilitoka London mwaka 1882, mwenyewe akiwa amekufa mwaka mmoja kabla. Maneno hatukupungukiwa. Tulichopungukiwa ni mazoea ya kumfikiria mbwa kabla hajawa mkubwa.

Wetu aliletwa ndani ya pakacha kutoka upande wa Ribe, na kijana wa bodaboda aliyeapa kwamba mama mtu "ana damu ya Jamani". Bei ilikuwa nazi kumi. Usiku wa kwanza alilia hadi alfajiri. Mama yangu, ambaye nyumba nzima humwita hawe kwa sababu ya wajukuu, alitoka chumbani leso ikiwa begani akaniuliza, "Mwanangu, mmeleta mbwa ama mmeleta matanga?"

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe alijipa mwenyewe: siku ya tatu alikuwa ameshachimba shimo chini ya mpapai linalotosha kupanda mgomba. Siku ya nne akaanza kuiba champali. Haibi jozi. Huchukua ya kushoto ya huyu na ya kulia ya yule, akazipanga chini ya tangi la maji kama mchuuzi wa mitumba anayengoja wateja. Binti yangu wa darasa la tatu amekwenda shule mara mbili akiwa na champali mbili zisizofanana, na walimu sasa wanajua kwamba kwetu kuna kijibwa.

Lakini penzi lake kuu ni mbuzi. Sisemi mbuzi mnyama, maana huyo anamwogopa; nasema mbuzi ya kukunia nazi. Mke wangu akigeuka tu kukamua tui kwenye kifumbu, ulimi uko kwenye meno ya mbuzi unalamba chicha zilizosalia. Tulimfukuza, tukamtisha, tukampigia makofi. Mwisho tukaanza kuitundika mbuzi ukutani kila ikimaliza kazi, na hapo nikang'amua kwamba nusu ya kumlea mbwa ni kuwafundisha watu wa nyumba kuweka vitu vyao mahali pake.

Nusu nyingine ni meno. Kijibwa huwa na meno ya utoto 28, membamba na makali kama miiba ya mchongoma. Yanaanza kung'oka akikaribia miezi minne, yakija 42 ya utu uzima, na kipindi hicho chote ufizi humwasha hata akatafuna kila kilicho mbele yake: mguu wa kiti, daftari la hesabu, pindo la kanga, kidole cha mtoto. Wengi wetu tukiona hivyo tunasema mbwa huyu ni mkorofi, na tunachukua fimbo. Sisi tulimpa kumbi la nazi. Analitafuna asubuhi hadi jioni, na uani kumejaa nyuzi za kumbi kiasi kwamba binti yangu mkubwa, ambaye zamu ya kufagia ni yake, ameniambia waziwazi kuwa afadhali champali zingeliwa. Namwelewa. Lakini vidole vya wadogo zake havijaguswa wiki ya tatu sasa.

Adabu ya kwanza kabisa hakuipata kwangu. Aliipata kwa kuku mwenye vifaranga, pigo moja la pua, na tangu hapo akimwona hupita mbali akijifanya ana shughuli kwingine. Sisi wengine inatubidi turudie. Akikuuma mkono mchezoni, mchezo unaisha papo hapo, unampa mgongo. Akija ukimwita jina, anapata kichwa cha dagaa. Hakuna la ajabu katika hayo. Samaki mkunje angali mbichi, na mbwa huwa mbichi kwa miezi mitatu minne tu: anachokizoea katika umri huo hukiona cha kawaida maisha yake yote, na asichokizoea humtia hofu akikutana nacho ukubwani. Mbwa mwenye hofu ndiye anayeuma.

Nyumba zisizo na ua

Kule Nairobi, mitaa ya Karen na Runda, mbwa wa mtu yuko nyuma ya ukuta na lango la chuma, na kibao cha kuonya kuwa ni mkali. Akiwa na mwenendo mbaya, anayeteseka kwanza ni mwenyewe. Huku kwetu njia ya kwenda shule hupita uani kwangu. Njia ya kwenda kuchota maji hupita baina ya jiko langu na nyumba ya ndugu yangu. Anayekwenda kanisani, anayekwenda msikitini, anayekwenda kwa mgema (huyu hupita mara mbili, na mara ya pili huimba) wote hupita hapo hapo, wakipiga hodi wakiwa wameshafika. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na sitaki ibadilike. Ila lazima tukiri kwamba kijiji cha namna hiyo kinamfanya mbwa wa mmoja kuwa mbwa wa wote.

Chukua suala la jirani Mwislamu. Familia nyingi za Rabai zina Wakristo na Waislamu chini ya mwembe mmoja. Shemeji yangu ni Mwislamu. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi pwani, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa mchanga. Sasa fikiria mtu huyu ametoka kutia udhu, kanzu yake nyeupe, siku ya Ijumaa, na kijibwa wangu mwenye furaha ya kupita kiasi anamrukia. Methali yetu husema ukicheza na mbwa ataingia nawe msikitini. Mimi nacheza naye, lakini anayeingizwa msikitini na najisi ni shemeji. Je, ni haki?

Shemeji hamchukii mbwa. Ndiye aliyenikumbusha kwamba katika Suratul Kahf vijana wa pangoni walilala na mbwa wao mlangoni, na kwamba kuna hadithi ya mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumtekea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake. Alichoniomba ni kidogo. "Kaka, saa za swala mfunge. Basi." Tangu hapo kuna kamba kwenye mti wa mkorosho, na Simba anaijua. Adhana ya adhuhuri ikianza, mwenyewe husogea mkoroshoni, kwa sababu hapo ndipo ukoko wa sima huwekwa. Hawe anasema huyu mbwa ameshasilimu.

Halafu kuna boda. Barabara ya vumbi inayokwenda Mazeras imejaa pikipiki, na kijibwa akiona gurudumu hupandwa na akili ya babu zake wawindaji. Akiwa mdogo watu hucheka. Akifikisha mwaka, mwendesha boda amebeba mama na mtoto na galoni ya mafuta ya taa, mbwa anachomoka kwenye majani, na pikipiki iko mtaroni. Nani atalipa hospitali? Mwenye mbwa atasema mbwa si wake, ni yule Simba mwingine. Nami nimeshasema Simba ni wanne.

Kufuli lenye miguu minne

Twende kwa sababu yenyewe ya kufuga. Ukiuliza mabomani kwa nini mtu ana mbwa, hakuna atakayekuambia anataka rafiki. Atataja wezi wa nazi, wezi wa mbuzi, na nyani wanaoshuka mahindini wakati wa mavuno. Hizo ni sababu nzuri. Shamba la mahindi lisilo na mbwa wala mtoto wa kulinda, nyani hulimaliza mwenyewe akiwa sokoni. Zamani iliongezeka sababu ya uwindaji, lakini Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mbwa wa msasi akabaki kwenye methali.

Taabu ni kwamba tunamleta kiumbe nyumbani kana kwamba tumenunua kufuli, na kufuli halilelewi. Tukitaka liwe kali zaidi tunalitesa. Nimeona mkia ukikatwa kwa panga ati mbwa asiye na mkia huwa shujaa. Nimeona pilipili ikichanganywa na chakula. Nimeona mbwa akinyimwa chakula mchana kutwa ili usiku awe na hasira. Kwa hesabu hii, mbwa mwenye njaa na maumivu atakaa macho ajue huyu ni mwizi na huyu ni mtoto wa jirani aliyetumwa kuomba chumvi. Atajuaje? Mwizi huja na kipande cha nyama. Mtoto huja mikono mitupu, akikimbia, usawa wa uso wake ukiwa usawa wa meno ya mbwa.

Mlinzi mzuri ni yule anayewajua wenyeji hata akamtambua mgeni. Ili awajue ni lazima awe amewaona na kuwanusa akiwa bado hajang'oa meno ya utoto. Kwa hiyo mimi hutembea na Simba. Watu wanacheka, mtu mzima mwenye mvi anatembeza mbwa kama Mzungu wa Nyali. Wacheke. Amepelekwa kwa fundi baiskeli, kwa mama wa mahamri, kwa mzee mwenye mkongojo ambaye mbwa wote humbwekea kwa sababu ya mkongojo. Sasa akimwona hulala chali.

Sindano

Hapa ndipo ucheshi unapoishia. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote waliumwa na mbwa. Hapa Kenya makadirio ya serikali ni vifo 2,000 hivi kwa mwaka. Katika kila watu kumi wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa binadamu, hospitali haina la kufanya isipokuwa kumpunguzia mateso. Na virusi havichagui umri wa mbwa: kijibwa mwenye meno ya sindano anaweza kuwa navyo sawasawa na lile dume zee.

Linaloniudhi ni kwamba kinga ipo tangu zamani. Miaka mitatu tu baada ya ile kamusi ya Krapf, tarehe 6 Julai 1885, mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyeng'atwa na mbwa huko Alsace, alidungwa chanjo ya Louis Pasteur mjini Paris, akapona na kuishi hadi utu uzima. Zimepita karne moja na miongo minne, na bado kuna mzazi wa pwani anayesugua jeraha la mwanawe kwa kitunguu na kungoja.

Mwaka jana mtoto wa jirani aliumwa mguuni na mbwa asiye na mwenyewe. Tulichokijua tukakifanya: maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili, mtoto akilia, hawe akihesabu. Kisha hospitali. Ya kwanza ikasema chanjo imekwisha. Ya pili ikawa nayo, lakini sindano haikuwa moja. Ni mfululizo, leo, siku ya tatu, siku ya saba, na kuendelea. Kila siku moja ni nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, ni kibarua cha mama kilichopotea, ni madarasa ambayo mtoto hakuhudhuria. Kuku wawili waliuzwa, halafu beberu. Mtoto yuko mzima, anacheza mpira, alhamdulillahi. Lakini nyumba ile ililipia mbwa ambaye haikumfuga.

Weka hayo kando ya sindano moja ya mbwa, ambayo hudungwa akiwa na miezi mitatu na kurudiwa baada ya mwaka. Nani amebeba mzigo wa nani? Mkulima atasema, na ana haki kusema, kwamba watoto wake hawajashiba, ataanzaje kutafuta daktari wa mifugo kwa ajili ya mbwa? Jibu langu ni gumu lakini nalitoa: basi usichukue mbwa. Machicha na ukoko vitaliwa na kuku, na kuku hana kichaa.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya mkulima. Mwaka 2014 Kenya iliweka mpango wa kutokomeza vifo vya kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na msingi wake unajulikana kwa kila mtaalamu: ukichanja mbwa saba kati ya kila kumi, ugonjwa unakosa pa kupita. Mwaka 2030 uko mlangoni. Daktari wa mifugo hapatikani kirahisi kwa mtu wa Ruruma au Mwawesa asiye na usafiri, na mbwa huwezi kumpandisha matatu bila kugombana na kondakta. Chanjo ikingojwa kituoni, watakaochanjwa ni mbwa wa wenye magari.

Anayesema haiwezekani na aitazame Pemba, jirani yetu wa bahari moja. Ni kisiwa ambacho wengi ni Waislamu, mbwa si wengi, na bado kichaa kilikuwa kikiua watu. Walichanja mbwa kwa kampeni za kufuata vijiji, na kufikia 2014 ugonjwa ukakatika. Mwaka 2016 ukarudi, ukiingizwa tena kutoka nje ya kisiwa. Wakachanja upya, na kabla 2018 haijaisha wakawa wameukata mara ya pili. Hakuna kilichofanyika kule ambacho hakiwezi kufanyika baina ya Mazeras na Kaloleni, isipokuwa bahari, ambayo sisi hatuna. Mbwa wa Mariakani hahitaji mashua kuja kwetu. Ndiyo maana nikichanja peke yangu nimejikinga nusu. Simba wangu na yule asiye na mwenyewe wanakunywa dimbwi moja.

Kuna jambo moja zaidi, nalitaja kwa ufupi kwa sababu halipendezi kusemwa kwenye gazeti la mapumziko. Yule jike mwenye mimba atazaa wiki mbili tatu zijazo. Watu watakuja kuchagua madume, na vijibwa vya kike vitatiwa kwenye gunia na kuachwa kando ya barabara kuu. Vitakavyonusurika ndivyo vitakavyokuwa mbwa wasio na wenyewe, na miaka miwili baadaye tutaandika barua kwa chifu tukilalamika kwamba mbwa koko wamezidi.

Simba wa ngapi?

Jumamosi iliyopita kulikuwa na chanjo uwanjani pa shule, chini ya mwembe. Nilifika saa mbili nikiwa na Simba kwenye kamba, naye akiwa na kipande cha kumbi mdomoni. Foleni ilikuwa imeshafika kwenye darasa la nne: wavulana wenye mbwa waliofungwa kwa kamba za katani, msichana amembeba wake mgongoni kwa leso kama mtoto, mzee mmoja amekuja na toroli. Nilifurahi kumwona shemeji, hana mbwa, amekuja na sabuni na mtungi wa maji "kwa atakayelambwa". Na kijana mmoja alikuwa amemvuta hadi pale yule Simba wa tatu, asiye na mwenyewe, kwa hila ya matumbo ya samaki.

"Kadi ya huyu niandike jina la nani?" aliuliza dada mwenye kalamu.

Kijana akatazama huku na huku. Tukanyamaza. Kisha hawe, ambaye sikujua kama amekuja, akasema kutoka nyuma, "Andika langu. Kwani jioni hula kwa nani?"

Zamu yetu ilipofika, Simba wetu alidungwa kabla hajajua kilichotokea, akageuka kunusa sindano, kisha akaanza kutafuna kamba ya kiatu cha daktari.

"Jina la mbwa?"

"Simba."

Dada aliinua macho kwenye daftari lake, akapitisha kalamu ukurasani kutoka juu hadi chini, midomo ikihesabu.

"Huyu atakuwa Simba wa kumi na moja," akasema. "Tuseme Simba Mdogo?"

"Andika hivyo hivyo," nikamwambia. "Ukimwita mmoja watakuja wote."